Roho Tatu za Mtukufu

Nchi yenyewe msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani zake huchapwa upya kila mwaka, na kukutwa na ya mwaka jana ni kosa. Mimi nawapa kama nilivyopewa, wala sikuongeza chumvi, maana huko hata chumvi ina kibali chake.

Mambo yalianzia kwenye chai. Mtukufu Rais, aliyekuwa akiingia mwaka wa ishirini na tisa wa kipindi chake cha kwanza, alikuwa anakoroga chai ya saa nne mbele ya mawaziri kumi na sita. Mjukuu wake alikuwa kwenye zulia anabonyezabonyeza simu. Mtukufu akamtazama, akasonya, akasema, "Gemu za siku hizi hazina lolote. Za zamani ndizo zilikuwa gemu." Kisha akaomba sukari.

Mawaziri wote kumi na sita wakaacha kutafuna. Za zamani? Zamani ya lini? Kama ni kabla yake, basi nani aliyeharibu? Na kama ni ya kwake, mbona sasa nayo ni ya kwake? Alikuwa anatania, au anawapima? Na ile sukari aliiomba kwa nini, wakati kila mtu anajua daktari amemkataza? Waziri wa Furaha na Michezo alipelekwa hospitali presha imempanda. Ilipofika saa tisa alasiri ilikuwa imeshaundwa Tume ya Kudumu ya Muda ya Kuchunguza Kama Gemu za Zamani Zilibuniwa Vizuri Kuliko za Sasa. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Mntangi, mtu mzoefu, ambaye hapo nyuma aliongoza tume ya kuchunguza kwa nini tume hazimalizi kazi, na bado anaendelea nayo.

*

Sasa, katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Kiwandani, aliishi mjane wa miaka sitini na moja, Bi. Zamoyoni, mwenye banda la gemu. Huyu mama alikuwa mtu wa kushuku toka tumboni mwa mamake. Ukimpa sarafu anaigonga mezani asikilize mlio. Ukimwamkia shikamoo anaitikia marahaba huku anakutazama mikono. Ukimsifia kanga aliyovaa anakuuliza unataka nini. Mtaani walimcheka sana. Lakini wengi katika hao waliomcheka walishachukuliwa kuhojiwa mara mbili, mara tatu, na yeye hajawahi hata mara moja.

Bandani mwake mlikuwa na skrini nne za kisasa, na pembeni, peke yake, ilisimama mashine ya zamani ya kuingiza sarafu, ndefu kama kabati la nguo. Ilikuwa na gemu moja tu. Mtu mwenye ndoo ya maji kichwani anapanda ngazi kwenda kuzima moto ghorofani, na nyigu wanamshambulia njiani. Watu waliiita Mchota Maji. Una roho tatu. Nyigu akikuuma, roho moja imekwenda. Zikiisha zote umekufa; unainuka kwenye kigoda, unampisha mwenzako. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya banda, na haikuandikwa ukutani wala popote. Aliyekulia Kiwandani anaijua kama anavyojua njia ya kwao: ukifa, unapisha. Hata ungekuwa umelia, ungekuwa umevimba, ungekuwa mtoto wa diwani, unapisha.

Mashine ile ilionyesha washindi watatu, kila mmoja herufi tatu za jina lake na pointi zake, lakini haikuwa na akili ya kukumbuka. Umeme ukikatika, orodha imefutika yote. Wa kwanza pale juu alikuwa MHI, pointi 48,310. Huyo ni Mhina, marehemu mume wa Bi. Zamoyoni. Alizipata miaka thelathini na moja iliyopita, na tangu siku hiyo akapiga marufuku mashine kuzimwa. Alifunga hata betri ya lori kwa nyuma, kwa ajili ya siku za mgao wa umeme. Mkewe alimwona mwendawazimu.

Mhina alifariki miaka tisa iliyopita. Hawakujaliwa mtoto. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Picha zake zilichukuliwa na maji mafuriko yalipoingia, na kaburi lake serikali ilikuja kulihamisha kupisha barabara ambayo mpaka leo haijajengwa. Kilichobaki duniani chenye jina lake ni zile herufi tatu. Kila asubuhi Bi. Zamoyoni akifungua banda anakwenda kwanza kwenye mashine. "Upo?" anauliza. Zipo. Basi anashika ufagio, siku inaanza.

*

Jumanne moja aliingia bwana amevaa kaunda suti iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Akalipia nusu saa. Akaketi mbele ya skrini asiguse kitu. Akatazama dari, akatazama feni, mwisho akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo kwa bahati tu:

"Mama, hivi kwa maoni yako, gemu za zamani na hizi za sasa, zipi zimebuniwa vizuri zaidi?"

Bi. Zamoyoni aliacha kufuta meza. Miaka yote ya biashara hajawahi kumsikia mteja akitamka "kubuniwa".

"Mimi nauza muda tu, baba. Maoni sina. Niliyokuwa nayo yaliisha."

"Yaliisha lini?"

"Hujazaliwa bado."

Bwana yule akatoa daftari, akaandika, akapiga mstari chini yake kwa rula. Baadaye ilijulikana kuwa ndiye Ndugu Semboja, Katibu wa Tume.

Kufikia Jumamosi mji mzima ulikuwa umeulizwa. Mama Kiango, muuza vitumbua wa jirani, alikuja amejitanda kanga mpaka puani.

"Zamoyoni we, na kwako wamefika?"

"Akina nani?"

"Usinifanye mtoto. Wa gemu."

"Umewajibuje?" Bi. Zamoyoni akauliza, maana hakuwa mtu wa kujibu kabla hajauliza.

"Nimesema za zamani zilikuwa nzuri kwa wakati wake, na za sasa ni nzuri kwa uongozi wake."

"Jibu zuri. Wakasemaje?"

"Wakaniuliza uongozi wa nani. Nikazimia."

"Ulizimia kweli?"

"Nilijizimisha, shoga yangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Na alifanya la maana. Kinyozi wa kona, aliyesema za zamani, alipotea siku mbili akarudi hazungumzi. Mwalimu wa hesabu, aliyesema za sasa, alipotea siku tatu. Mlevi mmoja alisema zote ni mbovu tangu Adamu. Huyo aliteuliwa mshauri.

*

Bi. Zamoyoni aliitwa Alhamisi. Tume ilikuwa ikutane Ukumbi wa Ukweli, lakini ukumbi ulikuwa unakarabatiwa mwaka wa sita, kwa hiyo walikaa kwenye hema katika maegesho ya magari.

Kabla yake alisimama Profesa wa Ubunifu. Alisifu gemu ya taifa, Twendeni Mbele, ambayo kwa sheria imo katika kila simu. "Gemu hii," alisema, "ni kilele cha fikra za binadamu! Huanza kwa hotuba ya Waziri, dakika arobaini, isiyoweza kurukwa. Hakuna kushindwa. Mchezaji akianguka shimoni, shimo ndilo linalohesabiwa kuwa limekosea. Akiishiwa roho, ananunua. Na akikaribia mwisho, mwisho wenyewe husogezwa mbele, ili furaha isikatike!" Hema zima likapiga makofi, mengine ya wasiwasi.

"Wewe umewahi kuicheza, Profesa?" Mwenyekiti akamwuliza.

"Naipakua, Mheshimiwa. Tangu Machi."

Kisha ikaja zamu ya Bi. Zamoyoni.

"Unaapa kusema ukweli uliothibitishwa?"

"Umethibitishwa na nani?"

"Hilo si swali lako, mama. Gemu za zamani, au za sasa?"

Alisimama pale anawatazama mikono, mmoja mmoja. Hapa pana mtego, alijua. Nikisema za zamani nimetukana wakati huu. Nikisema za sasa nimempinga Mtukufu na chai yake. Akaamua aseme yale tu aliyoyashika kwa mikono yake, ya ipi ni bora wayatafute wenyewe.

"Bora siijui, Mheshimiwa. Najua tofauti. Ile ya zamani aliyeitengeneza alikaa akaimaliza, ndipo akaiuza. Hii ya sasa inauzwa kwanza, halafu unaambiwa subiri, bado inatengenezwa. Ile ukiiwasha inawaka. Hii ukiiwasha inakwambia ngoja. Unakwenda kuteka maji unarudi, bado inakwambia ngoja. Ile ukifa unajua umeuawa na nani. Ni nyigu. Umemwona, katokea kushoto, na kesho atatokea kushoto vilevile, kwa hiyo utajifunza. Hii unakufa humjui aliyekuua. Ukiuliza, unaambiwa ni mtandao."

Watu walikohoa. Karani aliuliza kama aandike "mtandao" au aache nafasi.

"Endelea," Mwenyekiti akasema taratibu.

"Halafu ile ina mwisho. Ngazi ni arobaini. Ukimaliza ya arobaini, moto umezimika, unapigiwa muziki kidogo, unakwenda zako nyumbani ukale. Hii haina mwisho. Ukikaribia, wanaongeza msimu."

Mheshimiwa Mntangi akaitazama picha ya Mtukufu iliyoning'inia kwenye mlingoti wa hema, akajifuta shingo. "Na mchezaji wa zamani akifa?"

"Akifa anapisha."

Kalamu ya karani ilianguka.

"Anampisha nani?"

"Anayefuata."

"Anaitwa nani huyo Anayefuata?"

"Sijui, Mheshimiwa. Yeyote aliye kwenye foleni."

"Ana chama?"

"Ana sarafu."

"Mmeanza lini kumtarajia?"

"Jamani, ni watoto wa shule! Mmoja akifa mwingine anakaa!"

"Semboja, andika," Mwenyekiti alisema. "Yupo mtu ajulikanaye kama Anayefuata. Anasubiri. Ana fedha. Tutakwenda kulikagua hilo banda."

*

Walikuja Jumatatu, magari saba. Walipima mlango, walihesabu viti, walichukua sampuli ya vumbi wakaifunga kwenye bahasha. Bi. Zamoyoni alisimama kwenye kizingiti mikono kiunoni. Alijua hawajaja kwa ajili ya vumbi, ila hakujua wamejia nini, na hilo ndilo lililomkera.

Mheshimiwa Mntangi alizunguka mpaka akafika kwenye mashine ya zamani. Akainama kusoma orodha. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Mstari wa kwanza MHI. Mstari wa pili pointi 46,900, na kando yake herufi tatu ambazo mimi sitazitaja, nina watoto. Niseme tu kwamba katika nchi ile herufi hizo zimepigwa chapa kwenye noti, kwenye sare za shule na kwenye kila bomba la maji, hata lisilotoa maji.

"Huyu wa pili ni nani?" aliuliza.

Bi. Zamoyoni hakuwahi kumwambia mtu, hata Mama Kiango. "Kijana mmoja alikuwa anakuja hapa. Mwembamba, ana shati moja la kijani. Aliipenda sana mashine hii, akifa anakwenda mwisho wa foleni anaanza upya. Siku mume wangu alipompita, alilia."

"Alilia?"

"Alilia, Mheshimiwa. Nikampa maji ya kunywa."

Mwenyekiti aliketi chini, sakafuni kabisa, na suti yake. Kitabu cha darasa la tatu kinasema wazi kwamba Mtukufu hajawahi kuwa wa pili katika jambo lolote, hata kuzaliwa, ingawa ana kaka yake.

"Semboja, hukusikia."

"Sikusikia, Mheshimiwa."

"Andika kwamba hukusikia. Na hii mashine izimwe."

Kabla hajajua anafanya nini Bi. Zamoyoni alishasimama kati ya askari na nyaya za plagi na betri. "Usiguse hapo! Mheshimiwa, chukua skrini zote nne. Chukua banda. Hii niachie. Hilo jina la juu ni la mume wangu, na sina pengine lilipoandikwa. Kaburi mlilihamisha, mpaka leo hamjaniambia mlilipeleka wapi. Hamwezi kunizimia na hili."

Mheshimiwa Mntangi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu. Isitoshe, alikuwa amekwama. Kuionyesha dunia kwamba Mtukufu ni wa pili ni kifungo cha maisha. Kufuta herufi za Mtukufu mahali popote ni kifungo cha maisha vilevile. Akaita fundi wa serikali afungue mashine kwa nyuma, aangalie kama orodha inaweza kurekebishwa kidogo, isogee mstari mmoja tu.

Fundi aliingiza kichwa, akakaa humo muda mrefu, akatoka na utando wa buibui masikioni. "Haiwezekani, Mheshimiwa. Hizi za sasa unazibadilisha ukiwa ofisini kwako, mwenyewe hata hajui. Hii haina mahali pa kuingizia amri. Aliyeitengeneza alifunga."

"Hata amri ya Rais?"

"Haina tundu, Mheshimiwa."

Ikabidi habari ipelekwe juu. Ilipomfikia Mtukufu, inasemekana aliweka kikombe chini akauliza, "Ile mashine bado ipo? Nakuja Ijumaa." Nani angeweza kujua alisema kwa sauti gani? Aliyesikia hakuthubutu kumtazama usoni.

Semboja alimletea Bi. Zamoyoni barua. Mtukufu angecheza mbele ya taifa. Akishika nafasi ya kwanza, mashine itakuwa urithi wa taifa na haitazimwa daima.

"Na asiposhika?"

"Barua haina mstari huo, mama."

"Basi mtaizima."

"Hatuwezi kuizima. Itakuwa haikuwahi kuwepo."

Bi. Zamoyoni alimtazama mikono. Safari hii ilikuwa inatetemeka, na hakuona hila ndani yake. Alipoondoka, mama wa watu alikwenda mbele ya mashine akasimama. Miaka thelathini na moja Mhina hajapitwa na mtu. "Nisamehe," aliziambia zile herufi. "Bora uwe wa pili kuliko usiwepo. Nitamwombea yule kijana ashinde."

*

Ijumaa saa nne barabara zote zilifungwa, hata zile ambazo hazijajengwa. Magari arobaini na moja yakaingia Kiwandani, moja likiwa limebeba kiti. Televisheni ilirusha moja kwa moja, maana kwa sheria ya nchi ile kila anachofanya Mtukufu hurushwa moja kwa moja. Tume nayo ilikuwa imeandaa wananchi mia tatu wa kujitokeza wenyewe. Walikusanywa tangu alfajiri, na kwa kuwa Mheshimiwa Mntangi ni mpenda utaratibu, aliwapanga foleni moja iliyonyooka, kuanzia nyuma ya mashine, kupita mlangoni, mpaka kwa kinyozi. Bi. Zamoyoni alipoiona foleni ile alishtuka kidogo. Huyu anajua alichokifanya? Hapana, hajui, maana hakukulia hapa.

Mtukufu alikuwa mnene kuliko kwenye noti. Waliweka kiti chake cha dhahabu mbele ya mashine, magoti yakagoma kuingia.

"Kigoda kiko wapi?" akauliza. "Palikuwa na kigoda hapa."

Kikaletwa. Akaketi. Bi. Zamoyoni akaingiza sarafu yeye mwenyewe, mashine ikapiga mlio.

Roho ya kwanza ilikwenda kwenye ngazi ya nne. Umati ulikuwa umeagizwa kushangilia kila atakachofanya, ukashangilia kifo chake kwa vigelegele. Mtukufu akageuka. "Nyamazeni." Wakanyamaza mia tatu kwa pamoja. Roho ya pili ilifika ngazi ya ishirini na mbili. Akavua koti, akalitupa pembeni, waziri mmoja akalidaka.

Ya tatu sasa. Mgongo wake ulianza kuinama vile vile alivyokuwa akiinama kijana wa shati la kijani, na kidole gumba kikakumbuka kazi. Alipanda. Alikwepa. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Bi. Zamoyoni alikuwa amejibana pembeni akimshuku kila aliyemo ndani, kisha akajikuta hamtazami mtu tena, anatazama ngazi tu, vidole vimekaza pindo la kanga.

"Kushoto!" alipiga kelele. "Nyigu wa kushoto huyo!"

Mlinzi alipeleka mkono kiunoni. "Mwache," Mtukufu alisema bila kugeuka, akamkwepa nyigu. Ngazi ya thelathini. Ya thelathini na tano. Pointi 46,900 zikapita, amejipita mwenyewe. Arobaini na saba elfu. Ngazi ya thelathini na tisa, ndoo haijamwagika hata tone. Arobaini na saba elfu mia tisa na hamsini.

Nyigu akatokea kushoto, palepale anapotokea siku zote, akamuuma.

Umati haukujua kama upige makofi. Mashine, ambayo haikuarifiwa inacheza na nani, ilipiga ule mlio wake mfupi wa msiba, ikamwomba aandike herufi tatu. Mtukufu akaziandika mwenyewe, polepole, akizungusha kile kijiti cha kuchezea. Orodha ikatokea mbele ya taifa zima: MHI wa kwanza, yeye wa pili, na yeye tena wa tatu.

Mheshimiwa Mntangi alimwashiria kwa kichwa askari aliyesimama ukutani. Askari akainama kushika plagi na waya wa betri. Bi. Zamoyoni aliona. Alichoweza ni kuweka kiganja juu ya kioo, juu ya zile herufi za juu.

Mtukufu aliutazama ule mkono. "Kuna nini, mama?"

"Wanaizima, baba."

"Ikizimwa?"

"Mnafutika wote. Yeye na wewe."

Mtukufu alisoma namba zake. "Hizi nimezipata mwenyewe," alisema. Hakuwa anahutubia. "Umeniona?"

"Nimekuona. Ulicheza vizuri. Mhina mwenyewe angekusifu."

"Kweli, au unaniogopa?"

"Nakuogopa sana, baba. Lakini ulicheza vizuri."

Akageuka kwa yule askari. "Achia hizo nyaya."

"Mtukufu ameagiza!" Mwenyekiti akapaza sauti huku pumzi zikimrudi. "Urithi wa taifa! Isizimwe daima na milele!" Makofi yakalipuka. Bi. Zamoyoni aliegemea mashine, akalia mbele ya kamera zote bila kujifuta. Jina limebaki. Limebaki juu.

Lakini Mtukufu alikuwa ameshageukia kioo tena. Alikunja mikono ya shati, akanyoosha kiganja nyuma bila kutazama. "Sarafu."

Mawaziri wakajipapasa. Serikali nzima ikajipapasa. Wakubwa wale hawajashika sarafu miaka mingi, na waliposhika mifuko yao walikuta leso na vidonge vya presha. Mwishowe Ndugu Semboja, ambaye alishawahi kulipia nusu saa ya banda kwa kazi za taifa, akapata moja. Akaileta kwa mikono miwili. Mtukufu akaipokea, akaisogeza kwenye tundu.

"Kuna watu nyuma yako, baba," Bi. Zamoyoni alisema.

Hakukusudia. Naapa hakukusudia. Ameyasema maneno hayo kila siku ya kazi tangu alipokuwa mwanamke wa miaka thelathini, kwa watoto wa shule, kwa madereva, kwa mtoto wa diwani, na mdomo ulimtangulia. Aliyasikia mwenyewe yakiwa yameshatoka.

Mheshimiwa Mntangi alifumba macho. Watu mia tatu kwenye foleni waliyoandaliwa na serikali walitazama vidole vya miguu yao. Mtukufu akageuza kichwa taratibu, akawatazama kuanzia wa kwanza mpaka wale wa kwa kinyozi. Uso wake ulianza kujaa hasira, na kila mtu aliiona inapanda.

Ila miguu ilikuwa ya Kiwandani. Miguu ilisikia maneno yale ikasimama, kichwa kikiwa bado kinatafuta mtu wa kumfunga. Kabla hajajua, Mtukufu Rais alikuwa wima pembeni ya kigoda, sarafu mkononi, kama alivyosimama pale mara elfu akiwa kijana.

Na kigoda kikawa kitupu.

Kule kituoni, mkurugenzi wa televisheni alikuwa na kidole juu ya swichi ya kukata matangazo. Kanuni zilimwambia akate Mtukufu akipiga chafya, akijikwaa, akisahau neno. Juu ya kuinuka kwenye kiti hazikusema kitu, kwa kuwa aliyeziandika hakufikiria. Kidole kikabaki hewani. Nchi nzima iliona.

"Nani anafuata?" Bi. Zamoyoni akauliza, maana sasa lilikuwa limeshatoka, na banda haliwezi kukaa bila mtu kwenye kigoda.

Hakuna aliyesogea. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Ni mtego huu? Akikaa mtu, inakuwaje? Nani ameandika majina? Kisha dada mmoja aliyevaa sare ya kiwanda cha nguo, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni kwa sababu tu alishushwa kwenye lori wa kwanza, akatoka, akampita Mtukufu huku ameinamisha kichwa kwa adabu, akaketi. Kigoda kilikuwa bado kina joto. Alishika kijiti kwa mikono miwili.

"Mama, mie sijawahi kuicheza," alisema kwa sauti ndogo. "Nina roho ngapi?"

"Tatu," Bi. Zamoyoni akamwambia. "Tatu tu, mwanangu. Kama za kwake."